Nyama ya paja ilienda wapi? Mwongozo kamili wa kuiendesha gereji iliyo ndani ya misuli yako

Mwaka juzi nilianguka na bodaboda kwenye kona ya kuelekea Shangani, hapa Mtwara mjini, wala haikuwa ajali ya kutisha, ni mchanga tu juu ya lami, tairi likateleza, lakini mguu wa kushoto ukavunjika na nikafungwa piopii mpaka juu ya goti kwa wiki 6. Siku wanaikata nikaliangalia paja langu nikadhani wamenibadilishia na la mtoto wa darasa la sita. La kulia lipo vilevile, la kushoto limenywea, ngozi inaning'inia.

Mi ni mwalimu wa baiolojia, kwa hiyo badala ya kulia nikaanza kujiuliza swali moja: ile nyama imeenda wapi? Haikuoza, haikutoka na jasho, hakuna aliyeikata. Jibu nilikuwa nalifundisha kila mwaka bila kulifikiria, kwamba seli zenyewe ziliibomoa na vipande vyake vikatumika kwingine mwilini. Lililonishangaza zaidi nilipoanza kusoma vizuri ni kwamba mafundi wanaobomoa misuli ya mtu aliyelala ndo haohao wanaoiweka nzima misuli ya mtu anayefanya kazi. Mafundi hawabadiliki, kinachobadilika ni kazi unayowapa wewe.

Mwongozo huu ni ule nilioutumia mimi kurudisha paja, alafu nikampa na mzee wangu kule Tandahimba ambaye hajavunjika popote ila miaka tu imempitia. Una hatua, ila usizisome kama risiti ya dawa, zingine ni ndefu kwa sababu ndo zenye kazi.

Hatua ya kwanza: elewa gereji inavyofanya kazi

Usiruke hapa, maana ukielewa hii hakuna mtu wa mtandaoni atakayekuuzia vidonge.

Nyuma ya soko letu kuna jamaa ananunua skrepa. Pikipiki ikifika kwake inachinjwa, taa inayowaka inawekwa pembeni, cheni nzima inauzwa, na ile injini iliyopasuka inaenda kuyeyushwa. Siku moja akaniambia, "Njomba, pikipiki haifi, inageuka sufuria." Na kweli, aluminiamu ya injini ndo hiyo unapikia wali.

Ndani ya seli ya msuli kuna mafundi wa aina hiyo wawili wakubwa. Wa kwanza anaitwa protiasomu, huyu anachukua protini moja moja iliyobandikwa alama ya kwamba imeisha, anaikatakata. Ni mzuri kwa vitu vidogo, lakini kitu kikubwa hakimpiti mlangoni. Wa pili ndo tunayemwongelea leo, autofajia, yaani seli kujila yenyewe. Hapa unatengenezwa utando unaozunguka mzigo mzima mpaka unakuwa kama mfuko uliofungwa, mfuko unaenda kuungana na laisosomu ambayo ndani ina tindikali na vimeng'enya, mzigo unayeyushwa unakuwa asidi amino na mafuta na sukari, na hivyo vinarudi sokoni kujengea vitu vipya. Jina alilitoa Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1963. Jeni zinazoendesha kazi hiyo alianza kuzibaini Mjapani Yoshinori Ohsumi kwa kuchunguza hamira, hamira hii hii ya maandazi, na mwaka 2016 akapewa Nobeli.

Mzigo muhimu kuliko yote kwenye msuli ni mitokondria, zile injini ndogo zinazotengeneza nguvu. Mitokondria mbovu ni kama bodaboda inayotoa moshi, nguvu inatoa kidogo na moshi wake unaharibu vya jirani. Seli inatakiwa kuiona, kuiwekea alama na kuipeleka ikachinjwe, alafu itengeneze nyingine. Seli za ngozi na utumbo zinajigawa na kubadilishwa kila mara, lakini nyuzi za misuli hazijigawi, unakaa nazo miaka na miaka, kwa hiyo uchafu usipotolewa hauna pa kwenda.

Sasa ungetegemea kwamba ukimzima fundi wa kubomoa, msuli utanenepa, si ndiyo? Watafiti wa Padova, Italia, walitoa taarifa mwaka 2009 kwamba walizima jeni moja ya autofajia, Atg7, kwenye misuli tu ya panya. Misuli ikakonda, ikapoteza nguvu, na ndani ikajaa mitokondria zilizovimba na protini zilizogandamana. Lakini fundi akizidisha nako ni msiba, ndo ile ya njaa kali, kansa, kulazwa kitandani muda mrefu, anachinja hadi pikipiki nzima. Unachotafuta ni zamu, muda wa kusafisha na muda wa kujenga.

Zamu hizo zina swichi mbili na zinatajwa kwa herufi zake. mTOR inawaka ukila, hasa protini, inasema jenga na inamzuia fundi. AMPK inawaka nguvu ikipungua ndani ya seli, kwa mfano unapokimbia au hujala saa nyingi, inasema safisha. Hatua zote zinazofuata ni kuchezesha hizo swichi mbili kwa vitu tulivyonavyo huku kusini.

Hatua ya pili: jipime kabla hujaanza

Chukua kiti kigumu kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, simama na kukaa mara 5 haraka uwezavyo huku mtu anakuhesabia kwa simu. Kwa mtu mzima wa umri mkubwa, ikizidi sekunde 15 ni dalili kwamba nguvu ya misuli imeshuka. Kipimo cha pili, weka alama mita 4 chini, tembea mwendo wako wa kawaida, usijionyeshe. Ukitumia sekunde 5 au zaidi ni dalili nyingine. Alafu chukua futi ya fundi cherehani upime paja, sentimita 15 juu ya goti, kulia na kushoto. Andika na tarehe. Mimi siku ya kwanza mapaja yalitofautiana sentimita 5 na nusu.

Hatua ya tatu: acha mlo wa usiku wa manane

Hapa ndo pana maneno mengi na ukweli mchache. Utasikia ukikaa saa 16 kamili bila kula autofajia inawaka, saa 24 unakuwa kijana. Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoonyesha autofajia imewaka kwenye paja lako, na nyingi ya hizo saa zimetoka kwa panya. Panya ana mwili mdogo unaounguza chakula kwa kasi, akilala njaa siku moja anapoteza sehemu kubwa ya uzito, wewe siku moja hata mkanda hauulegezi. Kwa hiyo saa za panya usizivae wewe.

Linaloeleweka ni kwamba ukila mfululizo kuanzia asubuhi mpaka saa 6 usiku swichi ya kujenga haipumziki. Mimi nimeweka saa 12 tu za kutokula: chakula cha mwisho saa 1 jioni, chai saa 1 asubuhi. Bibi zetu walikuwa wanaishi hivyo bila kuambiwa na mtu, kibatari kikizimwa na jiko limezimwa. Maji kunywa muda wowote.

Kwa sisi tunaofunga Ramadhani, ule mfungo ni wa ibada na una taratibu zake, ila kwa upande wa misuli angalia vitu viwili. Kwanza daku usiiruke, na isiwe chai na mkate mtupu, weka mayai au maharage. Pili futari yetu ni muhogo wa nazi, viazi, tambi, magimbi, wanga juu ya wanga, unashiba mpaka macho yanafumba alafu mafundi wa kujenga wanakosa matofali. Ongeza samaki au kunde hapo hapo kwenye sinia.

Hatua hii ya kubana saa za kula haiwahusu wajawazito na wanaonyonyesha, watoto, mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge mpaka aongee na daktari wake, mgonjwa wa TB au yeyote anayepungua uzito, na mzee ambaye tayari amekonda. Mzee aliyekonda ukimfungisha unaongeza tatizo, mpe chakula.

Hatua ya nne: amsha fundi kwa miguu

Kama unataka kufanya kitu kimoja tu kwenye mwongozo huu, fanya hiki. Mwaka 2012 watafiti wa Dallas, Marekani, waliwakimbiza panya na kuona autofajia inapanda kwenye misuli ile ile inayokimbia, haikusubiri siku mbili za njaa. Walikuwa na kundi lingine la panya waliobadilishwa jeni, autofajia yao ya kawaida ipo ila mazoezi hayawezi kuipandisha, na hao walichoka mapema na hawakupata ile faida ya mazoezi kwenye sukari ya damu. Yaani sehemu ya faida ya kukimbia inapitia gerejini.

Kiasi: dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kati, ndo kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima, ukiweza fika 300. Mwendo wa kati maana yake unaweza kuongea ila huwezi kuimba. Ukiweza kuimba taarabu unatembea kama umetumwa chumvi, ongeza. Gawa dakika 30 mara 5.

Wa Mtwara mjini una ufukwe, maji yakitoka mchanga wa chini ni mgumu na mzuri kwa magoti, tembea huko asubuhi kabla jua halijawa kali. Ukizoea jaribu kwenda Mikindani kwa miguu, ni kama kilomita 10, rudi na daladala, hakuna atakayekucheka. Wa Newala wala sikufundishi, bibi zenu walikuwa wanashuka bondeni kuchota maji na kupanda na mzigo kichwani, hayo mazoezi watu wa mjini wanalipia. Ila jua kwamba kushuka kunauma kuliko kupanda, maana msuli unavutwa huku unakaza, na nyuzi zinachanika kidogo kidogo. Maumivu ya siku ya pili ni hayo. Hapo kuna kitengo maalumu cha autofajia kinachoongozwa na protini inaitwa BAG3, kazi yake ni kuchomoa protini zilizopinda kutokana na mkazo na kuacha nafasi iwekwe nyingine. Ndo maana baada ya siku ngumu unampa msuli siku ya kupumua.

Kuna rafiki yangu anasema yeye msimu wa korosho anaokota kutwa nzima kwa hiyo hahitaji mazoezi. Nusu ni kweli. Kuinama kuokota kunachosha mgongo, hakupandishi moyo sana. Siku za kupalilia ndo uzihesabu.

Hatua ya tano: vyuma, hata kama huna chuma

Kutembea kunasafisha vizuri ila hakujengi vya kutosha, hasa ukishavuka miaka 40. Mara 2 kwa wiki, siku zisifuatane.

Mimi nilianza na kiti. Kukaa na kusimama mara 8 mpaka 12, pumzika dakika 2, rudia mara 3. Wiki mbili za kwanza nilikuwa nashika meza, sioni aibu kusema. Ikawa rahisi nikakumbatia dumu lenye lita 5 za maji, baadaye 10. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na kidogo, hilo ni jimu tayari, na uzuri wake unaongeza lita moja moja. Dumu hilohilo inama kidogo huku mgongo umenyooka, mkono mmoja umeshika kiti, livute mpaka ubavuni, mara 10 kila mkono. Alafu jisukume ukutani, ukizoea jisukume kwenye kingo ya kitanda, ukizoea zaidi shuka chini. Mwisho simama kwenye ngazi ya baraza kwa vidole, inuka na ushuke polepole. Gunia la korosho waachie makuli, lile linavunja watu.

Kanuni ya kuongeza: ukifika mara 12 na unahisi ungeweza nyingine 4, ongeza uzito. Ukibaki na dumu lilelile mwaka mzima msuli hauna sababu ya kubadilika. Maumivu makali ya kiungo, kifua kubana, kizunguzungu, simama hapo hapo na uende ukaonwe. Mkojo ukiwa na rangi ya Coca-Cola baada ya mazoezi makali usisubiri kesho, ni msuli umevunjika vibaya na unaweza kuziba figo.

Hatua ya sita: sasa leta matofali

Fundi kasafisha, eneo liko wazi, usipoleta matofali umebomoa bure. Huu ndo udhaifu wa sahani zetu. Ugali wa muhogo na ming'oko, ile mizizi ya porini, vinatia nguvu, mi ming'oko ya kuchemsha sikatai hata saa nane za usiku, lakini protini ndani yake ni kidogo mno.

Mtu mzima wa kawaida kiwango cha chini ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mzee mwenye afya ashauriwe gramu 1 mpaka 1.2, maana misuli ya uzeeni ni mizito ya kusikia, inahitaji protini nyingi kidogo ndo iamke. Mzee wa kilo 60 basi ni gramu 60 mpaka 72. Twende na sahani: mayai 2 asubuhi gramu 12, glasi ya maziwa 8, mchana samaki gramu 150 wanakupa kama 30, jioni kikombe cha mbaazi zilizoiva 11, konzi ya korosho 5, na ugali wenyewe haukosi kuchangia 5. Jumla 71. Umeona hapo hakuna poda ya kopo. Samaki ikipanda bei chukua dagaa wakavu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hao ndo wameniokoa mimi mwezi wa kodi.

Gawanya kwenye milo mitatu, usilete yote usiku. Baada ya kunyanyua dumu kula ndani ya saa moja au mbili, sio lazima ukimbie na kijiko mkononi. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila daktari.

Vinavyoharibu gereji

Pombe nyingi ya mara kwa mara inakausha misuli, na hapa sisemi bia tu, msimu wa mabibo, yale matunda ya korosho yanayotengenezwa pombe, ukifika mnajua wenyewe. Kulala masaa manne kila siku nako kunapunguza kujenga. Haya mnayajua, napita.

Lisilojulikana sana ni hili. Klorokwini, ile chungu tuliyokunywa utotoni mpaka Tanzania ilipoiacha mwaka 2001 kama dawa ya kwanza ya malaria, inapunguza ukali wa tindikali ndani ya laisosomu. Mifuko inafika gerejini ila haiyeyuki. Ukinywa siku tatu haina neno, lakini wachache wanaotumia kwa miezi au miaka klorokwini au ndugu yake haidroksiklorokwini, kwa mfano wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe, wanaweza kulegea misuli ya mapaja na mabega. Kolkisini, dawa ya jongo, nayo inaweza. Kama upo kwenye dawa hizo na unaona kunyanyuka chini kumekuwa kazi, usiache dawa, mwambie aliyekuandikia.

Na vidonge vya "kuwasha autofajia" vinavyouzwa kwenye simu, hela hiyo nunua samaki.

Hatua ya mwisho: pima tena wiki ya 12

Usipime kila siku utakata tamaa. Rudia kiti, mita 4 na futi, kwa mtu yuleyule na muda uleule wa siku. Mimi wiki ya 12 tofauti ya mapaja ilishuka ikawa sentimita 2, na mpaka leo kuna kama nusu sentimita haijarudi, nimeizoea.

Mzee alianza na sekunde 19 kwenye kiti. Nikampangia dumu la lita 3 na konzi ya dagaa, akanijibu kwamba yeye kabangua korosho kabla sijazaliwa na hafundishwi kukaa. Mwezi uliopita nimeenda kumsalimia, shikamoo haijaisha mdomoni kashavuta kiti mwenyewe anataka nimpime. Sekunde 13. Ila kiti ndo kimelegea miguu, kasema nikirudi nibebe misumari.